Umekipata wapi?

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kwa nini watu bado wanafunga safari kwenda kwenye maonyesho ya vitabu vya kale, wakati karibu kila kitu kinasomeka kwenye simu? Jibu langu ni maneno mawili, ila naomba nafasi ya kuyaeleza. Maneno yenyewe ni "Umekipata wapi?" Hilo ndilo swali ninalomuuliza kila muuzaji nikishashika kitabu chake, na ndilo linalonitoa nyumbani. Kwenye simu kitabu hakijatoka popote. Kipo tu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Walukuba hapa Jinja. Nilizaliwa mwaka 1957 katika nyumba hizi za wafanyakazi, ambako mtoto wa Mjaluo, wa Mgisu, wa Mteso na wa Mnubi walicheza, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyokuwa ya wote na haikuwa ya mmoja wao.

Kuuliza huko nilianza mwaka 1988, na sababu ilikuwa karanga. Nilinunua za shilingi chache sokoni, mama aliyeniuzia akazifunga kwa karatasi ya kitabu, kama ilivyokuwa kawaida. Nilipomaliza kula nikaikunjua ile karatasi. Zilikuwa beti za utenzi, mistari minne minne, na pembeni mtu ameandika kwa penseli maana ya maneno magumu. Mwandiko niliujua mara moja. Ulikuwa wa mwalimu aliyenitangulia katika shule niliyokuwa nafundisha, marehemu wakati huo, ambaye daftari zake za maandalio nilikuwa nazo mezani kwangu. Nikarudi mbio kwa yule mama. "Mama, karatasi hii umeipata wapi?" Akanionyesha gunia. Shule ilikuwa imeuza vitabu vya zamani kwa kilo, ili kupisha rafu za vitabu vya mtaala mpya. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nilikuwa ndiye mwalimu wa somo. Katika gunia niliokoa vitabu kumi na kimoja, vingine vimekwisha nusu. Nilivinunua kwa bei ya karanga ambazo vingefungia.

Siku hiyo nilielewa kwamba kitabu cha zamani hakibaki kwa sababu ni kizuri. Kinabaki kwa sababu kuna mtu fulani, mahali fulani, aliyekataa kisiende. Tangu hapo ninapokiona kimoja kimefika mbele yangu kizima, natamani kumjua mtu huyo.

Sasa maonyesho yenyewe. Sijawahi kuhudhuria hapa kwetu maonyesho ya vitabu vya kale peke yake. Yetu ni ya wachapishaji na vitabu vipya, nayo ni mazuri kwa kazi yake. Lakini miaka michache iliyopita binti yangu, ambaye ni muuguzi Leicester, Uingereza, alinialika kwake, na kwa kuwa ananijua alinikatia tiketi ya maonyesho makubwa ya London. Yanaandaliwa na chama cha wauzaji wa vitabu vya kale cha huko, chama kilichoundwa mwaka 1906, na yalikuwa katika jumba la Saatchi mtaa wa Chelsea. Wauzaji wametoka nchi nyingi, kila mmoja na kibanda chake, kabati za vioo, taa, meza. Vitabu vya miaka 500 vimekaa karibu na riwaya ambazo zilichapishwa nikiwa tayari nimeoa.

Nilipita nimefunga mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa kabla ya kuingia nyumba ya watu. Kwenye kibanda kimoja cha vitabu vya safari za Afrika nikasimama muda mrefu. Muuzaji, mama wa makamo, akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Uganda, mji wa Jinja, pale Nile inapoanzia. Hakusema neno. Alifungua kabati, akatoa kitabu kinene, akakiweka juu ya mto wa sponji mbele yangu, akasema nifungue.

Nikamuuliza kama hakuna glavu. Akaniambia, na nimelithibitisha baadaye kwa wengine wa kazi hii, kwamba glavu za kitambaa huharibu zaidi kuliko kusaidia: zinaondoa hisia kwenye vidole, ukurasa unachanika kabla hujajua umeuvuta. Kinachotakiwa ni mikono iliyonawa na kukauka. Nikaenda kunawa. Nikarudi nikakipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa.

Kilikuwa kitabu cha safari ya John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Nile, kilichochapishwa na Blackwood mwaka 1863. Kusema kweli nilikuwa nimekwisha kukisoma sehemu sehemu kwenye simu, bure, nikiwa nimekaa kwangu Walukuba. Najua Speke alifika kwenye maporomoko yetu tarehe 28 Julai 1862 na kuyaita Ripon, jina la bwana mmoja mkubwa wa jumuiya ya jiografia ya London. Mahali pale pana jina lake kwa wenyeji, na mwenyewe aliandika kwamba watu wanapaita Mawe. Ndiyo hayo mawe yaliyozaa jina la Jinja. Yote hayo niliyajua. Lakini nilipofika kwenye mchoro wa maporomoko, mikono ilinitetemeka.

Lazima nieleze kwa nini. Baba yangu alikuja Jinja kijana, kutafuta kazi kwenye ujenzi wa bwawa la Owen Falls. Bwawa lilipofunguliwa mwaka 1954, maji yaliinuka yakayafunika maporomoko yote mawili, Owen na Ripon. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye. Baba alituambia mara nyingi kwamba alipofika hapa usiku wa kwanza hakulala kwa ngurumo ya maji, na kwamba usiku ambao hakulala zaidi ni ule ngurumo ilipokoma. Nimeishi maisha yangu yote katika mji ulioitwa kwa mawe ambayo sijawahi kuyaona. Nayo yale pale, yamechorwa kutokana na mkono wa aliyeyaona, maji yanapita katikati yake. Speke anawataja pia wavuvi wa Kisoga na Kiganda wakisimama juu ya miamba na ndoano zao. Miamba hiyo baba aliihesabu kwa majina.

Mtu atasema: si mchoro huo huo uko kwenye simu? Uko. Nimeutafuta tena niliporudi. Ni mdogo kama kiberiti, na ukiukuza unageuka vumbi la nukta. Tena pale London nilikuwa na mtu wa kumuuliza. "Umekipata wapi?" Yule mama akanieleza: kimetoka Scotland, nyumba ya familia iliyokuwa nacho vizazi vitatu. Akanionyesha kibandiko cha mwenyewe wa kwanza ndani ya jalada. Akanionyesha ramani iliyokunjwa, na jinsi mtu wa zamani alivyoitia kitambaa kwa nyuma kwenye mikunjo ili isikatike. Akanifundisha kuhesabu michoro dhidi ya orodha iliyo mwanzoni, moja baada ya nyingine, kwa kuwa vitabu vya namna hii watu huchana picha wakaziweka kwenye fremu, na kilichopungua picha moja bei yake huanguka. Alitumia karibu nusu saa, akijua kabisa kwamba bei ya kile kitabu ni pensheni yangu ya miezi mingi. Hakuwa akiniuzia kitu. Alikuwa amempata mtu anayetaka kujua anachokijua yeye, na nadhani furaha yake ilikuwa sawa na yangu.

Hicho ndicho sijakipata kwingineko. Makumbusho yana kioo katikati. Maktaba kubwa zina fomu, kadi na karani, na nina sababu ya kuziheshimu taratibu hizo. Lakini kwenye maonyesho mtu wa kawaida, aliyetoka barabarani, anaruhusiwa kushika kitu cha miaka mia na sitini, na aliyekishika kabla yake amesimama mbele yake, tayari kuulizwa.

Wengi hutaja harufu. Mimi sitaisifia. Sisi wa ukanda huu wa ziwa tunajua harufu ya kitabu cha zamani ni ukungu, na mara nyingi ni dalili kwamba kimeanza kwenda. Adui zetu ni unyevu, na zaidi yake ni mchwa. Ndiyo maana katika vitabu vyote vilivyowahi kupita Uganda, ninachokipenda kuliko vingine kwa umbo lake ni ile Biblia ya Kiganda ya mwisho wa karne ya 19, kazi iliyokamilika mwaka 1896 kwa mikono ya mmisionari George Pilkington na wenzake, akiwamo Henry Wright Duta. Waliitengeneza nyembamba kwa upana na nene kwa kina, kama tofali dogo, ili ienee ndani ya bati la biskuti, kwa kuwa bati ndilo mchwa hawakuweza kulitafuna. Niliwahi kuonyeshwa moja na mzee wa Mengo. Aliitoa kwenye bati lenye kutu. Kurasa za pembeni zimekuwa nyeusi kwa vidole vya babu na bibi zake. Mzee akaniambia kwamba nyumba iliungua mara mbili, na mara zote mbili cha kwanza kutolewa nje kilikuwa bati. Hapo tena kitabu hakikubaki chenyewe.

Na wanaodhani kwamba sisi ni watu wa masimulizi tu, vitabu ni mambo ya wageni, ningependa wakumbuke kwamba katika Buganda wafuasi wa dini mpya waliitwa abasomi, wasomaji, na hadi leo kwa Kiganda kusoma na kusali ni neno moja. Mmisionari Alexander Mackay alipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1878, waliongea Kiswahili. Lugha hii ilikuwa ya barazani pale kabla watu wa hapa Uganda hawajaiita lugha ya jeshi.

Nimelitaja hilo kwa sababu linanileta Kampala.

Upande wa maegesho ya zamani ya taxi kuna wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandaza turubai kwenye varanda. Ndiyo maonyesho yangu ya kila mwezi. Hakuna taa wala kabati, na mvua ikija tunashika pembe za turubai pamoja, muuzaji na mnunuzi, na kukimbia. Siku moja, chini ya vitabu vya hisabati na majarida ya urembo, nikaona jalada la karatasi ya kijivu. Ilikuwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1958, yenye maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyaeleza kwa Kiswahili chake mwenyewe. Si wengi nchini wanaojua kwamba Kamati hiyo, iliyoanza mwaka 1930 kwa kazi ya kusanifisha Kiswahili, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani kwa muda wa karibu miaka kumi, maswali ya Kiswahili sanifu kutoka Zanzibar, Tanganyika na Kenya yalikuwa yakitumwa Kampala. Baraza la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, nilisikia watu redioni wakilalamika kwamba tunaletewa lugha ya jirani. Ningetamani kila mmoja wao akishike kile kijitabu.

"Ssebo, umekipata wapi?" nikamuuliza muuzaji. Akaniambia alinunua vitabu vyote vya nyumba moja Ntinda, mzee amefariki, watoto wanahamia nje. Tukapatana shilingi 15,000. Nilipofungua ndani nikaona muhuri wa maktaba ya chuo, na hapakuwa na muhuri wa kuonyesha kwamba kimeondolewa kihalali.

Sitaficha kwamba nilikitaka. Nilikaa nacho siku tatu, nikakisoma chote, nikanakili kwa mkono kurasa nilizozipenda. Siku ya nne nikapanda taxi nikakirudisha. Mkutubi alienda nyuma, akarudi na daftari kubwa la zamani, akapitisha kidole: kiliazimwa mwaka 1974, hakikurudi. Aliyekiazima labda alikimbia nchi, labda alisahau, labda alikipenda kama mimi. Katika miaka ile mibaya ya utawala wa Amin maktaba nyingi zilipoteza vitabu, na huenda kukaa Ntinda ndiko kulikokiokoa. Mkutubi alikipokea kwa mikono miwili.

Natoa mfano huu kwa sababu biashara ya vitabu vya kale ina upande wake wa giza, na swali langu ndilo taa. Muungano wa kimataifa wa wauzaji hawa unaweka daftari la vitabu vilivyopotea au kuibwa, na muuzaji mwema hulitazama kabla ya kununua. Mwenye kibanda anajua kwamba jirani zake wanapita na kuchungulia, na mnunuzi anaweza kuuliza mbele za watu. Anayeuza gizani hawezi kuvumilia swali la maneno mawili. Ukimwuliza muuzaji akaanza kukasirika, rudisha kitabu mezani, nenda zako.

Kama ningeombwa ushauri, ningesema tuanze na letu dogo. Jumuiya ya Uganda, ambayo mizizi yake ni Entebbe mwaka 1923 na jarida lake lilianza kutoka mwaka 1934, ina maktaba ndani ya jengo la Makumbusho, barabara ya Kira, Kampala. Bustani ipo, kivuli kipo. Wangekuja wale wa turubai, wangekuja wazee na mabati yao, si lazima kuuza, kuonyesha tu. Mimi ningesafiri kutoka Jinja usiku ili niwe wa kwanza langoni.

Nimebakiwa na kitabu kimoja cha kusimulia, na ndicho pekee nilichonunua katika safari ile ya Uingereza. Sikukipata London. Wiki moja baada ya Chelsea, binti yangu alinipeleka kwenye maonyesho madogo ya vitabu katika ukumbi wa kanisa huko huko Leicester: meza za kukunja, chai, wauzaji wazee. Kwenye boksi la vitabu vya paundi mbili tatu nikaona maneno ya Kiswahili. Kitabu chembamba cha hadithi cha East African Literature Bureau, ile ofisi iliyoanzishwa mwaka 1948, na kwenye ukurasa wa mbele miji yetu imepangwa pamoja: Kampala, Nairobi, Dar es Salaam. Ndani ya jalada, muhuri wa mpira wa rangi ya zambarau: jina la duka, sanduku la posta, Main Street, Jinja.

Duka lile nalijua. Nilikuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90. Nakumbuka milango ikifungwa mmoja mmoja, na majina juu ya milango yakibaki. Jina la duka silitaji, maana familia ipo.

"Umekipata wapi?" Mzee muuzaji akaniambia aliitwa kusafisha nyumba ya bibi aliyefariki, wajukuu hawakujua ni lugha gani, wakakiweka na vya kutupa. Nilimlipa, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za kanisa. Kurasa mbili za mwisho zilizokuwa wazi zimejaa hesabu kwa penseli, nusu kwa Kigujarati, nusu kwa Kiswahili cha herufi kubwa: sukari ratili mbili, mafuta ya taa chupa moja, chumvi, kanga jozi, mama wa Walukuba atalipa mwisho wa mwezi. Nadhani kitabu cha mtoto kilikuwa kwenye kaunta, na karatasi haikuwa karibu. Watu wale walitoka na mizigo waliyoruhusiwa tu. Mtu alisimama mbele ya sanduku, akachagua nini kiingie na nini kibaki, na hiki akakitia.

Niliporudi Jinja nilikwenda nacho Main Street. Jengo lipo, na ule ukuta wa mbele wenye maua ya saruji upo. Siku hizi wanauza simu na chaja. Nikamweleza binti aliyekuwa kwenye kaunta, nikampa kitabu akishike. Alifungua taratibu, akatazama muhuri, akatazama namba ya mlango, akaanza kusoma yale madeni kwa sauti, mstari kwa mstari, huku wateja wawili wamesimama kusikiliza. Akafika mahali akanyamaza.

"Jjajja," akasema, "ratili ni nini?"

Nikavuta kiti. Nikamwambia ni kipimo cha zamani, pungufu kidogo ya nusu kilo, na kwamba mizani yake ilikuwa imesimama hapo hapo kwenye ile kona aliyoweka chaja.